Maswali ya Wasomaji: Mbawakawa wa Mabawa Mafupi, Tunawatenganishaje?

Wahariri, salaam. Mvua zikinyesha, taa za bweni letu hujaa wadudu wembamba ambao mabawa yao hayafuniki tumbo. Wanafunzi wengine wanasema ni kumbikumbi, wengine wanasema ni yule mdudu mwenye koleo mkiani. Nitawatambuaje, na nitawagawaje makundi kwa somo la uainishaji? – Mwalimu wa baiolojia, Magu

Mwalimu, anza na mkia. Mdudu wa koleo ana ncha mbili ngumu zinazofunga na kufunguka. Mbawakawa huyu hana. Akiwa na vijimkia viwili, vitakuwa vifupi, vyenye nywele, na havibani kitu. Kumbikumbi naye ana mabawa manne laini, marefu kuliko mwili, yanayong'oka ukimgusa.

Sasa tazama mgongo. Utaona mabawa mawili magumu, mafupi, yanayokutana katikati kwa mstari ulionyooka. Yale ya kurukia yamekunjwa chini yake, na nyuma kunabaki pingili 5 au 6 za tumbo zilizo wazi. Hiyo ni familia ya Staphylinidae, yenye spishi zaidi ya 60,000 zilizokwisha kupewa majina. Wako mbawakawa wa matunda yaliyooza ambao nao wana mabawa mafupi, lakini ni wapana, na kipapasio chao kinaishia na kirungu cha pingili 3.

Kwa kugawa makundi, tunakuomba rangi uiache kando kabisa mwanzoni. Alama inayoaminika ni mahali kipapasio kinapoota. Mweke mdudu kwenye kisahani chenye mchanga laini uliofunikwa na spiriti. Mchanga utamshika akae unavyotaka. Mulika kutoka ubavuni. Aliyezidi milimita 7 unaweza kumsoma kwa lenzi ya mara 10, lakini aliye chini ya milimita 4 anahitaji hadubini.

Ukitazama kutoka juu na shina la kipapasio halionekani kwa sababu limejificha chini ya ukingo ulio mbele ya jicho, mgeuze uhesabu mabamba ya chini ya tumbo. Yakiwa 6, na shingo ni nyembamba, kwa kawaida huyo ni wa familia ndogo ya Paederinae. Yakiwa 7, mweke Oxytelinae, ambao ni wengi kwenye samadi na tope la ufukweni. Shina likiwa wazi kwenye ukingo wa mbele wa kichwa, juu ya mataya, uko kwa Staphylininae, na hao wengi ni wakubwa. Likiota juu ya kichwa, katikati ya macho, tazama macho yenyewe. Yakijaza ubavu mzima wa kichwa, huyo ni Stenus, mkazi wa matete na kingo za maji. Macho yakiwa ya kawaida na mdudu ana milimita 2 hadi 4, mara nyingi ni Aleocharinae, na hapo kazi ni ngumu hata kwa wataalamu.

Baada ya hapo hesabu pingili za unyayo, yaani sehemu ya mwisho ya mguu: mguu wa mbele, wa kati, wa nyuma. Wanafunzi hukosea kwa kusahau kwamba pingili ya mwisho ndiyo yenye kucha, au kwa kusomea mguu uliokatika. Soma pande zote mbili.

Kwenye majaruba yetu kuna mdudu mwekundu na mweusi, akikupitia ngozi inaungua. Ndiye huyo? – Mkulima wa mpunga, Misungwi

Ndiye: jenasi Paederus, wa kundi lile la Paederinae. Ana urefu wa milimita 7 hadi 10, kichwa cheusi, kifua cha rangi ya chungwa, na mabawa ya buluu au kijani inayong'aa. Tumbo ni la chungwa isipokuwa ncha yake nyeusi, ambayo huiinua anapokimbia. Rangi peke yake isikutoshe. Pingili ya 4 ya unyayo wake imegawanyika ndimi mbili, na hilo lenzi nzuri inalionyesha.

Haumi wala hana mwiba. Sumu yake, paederini, imo kwenye damu yake, nayo hutoka akipondwa. Mpulize au mpandishe kwenye karatasi. Ukishamponda, osha kwa sabuni na maji mengi papo hapo, wala usiguse macho, kwa sababu malengelenge huja baadaye, mara nyingi siku ya pili. Likiwa jicho, nenda kituo cha afya. Usimwangamize jarubani, kwani anakula wadudu wadogo wanaoshambulia mpunga.

Vielelezo vyangu vimerefuka kwenye spiriti na rangi imefifia. Nitafikaje kwenye spishi? – Mwanafunzi wa chuo, Ilemela

Tumbo la hawa hunyooka ndani ya maji na kujikunja likikauka, kwa hiyo usitegemee urefu wa mwili mzima. Pima upana wa kichwa, urefu wa kifua na urefu wa bawa. Rangi iandike siku ya kukamata. Tumia ethanoli ya asilimia 70, kisha wadogo wabandike kwenye ncha ya kipembetatu cha karatasi ngumu. Daima tumia kibano: Paederus aliyekauka bado ana sumu.

Kwenye lebo andika mahali, tarehe, mkusanyaji, mazingira na kimo. Ziwa Victoria lenyewe liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo simu ikikuonyesha mita 1,000 ukiwa ufukweni, imekosea.

Spishi za Paederus hufanana mno kwa nje. Chukua dume, vuta kiungo cha uzazi kupitia ncha ya tumbo, ukiloweke kwenye haidroksidi ya potasiamu ya asilimia 10 hadi misuli ilainike, kisha ukisuuze. Ukikiacha humo muda mrefu mno kitapauka na kulegea, na umbo lililotakiwa litapotea. Kibandike kwenye kadi, kwenye pini ileile ya mdudu wake.