Kabla hujapiga dawa zukini zako

Lushoto, mwanzoni mwa Aprili

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Huku hatujambo, masika yameshika na baba yako anakusalimu. Nimesoma habari za zukini zako za hapo Dar: zinatokeza nyingi, zikifika urefu wa kidole zinageuka njano, zinalainika kuanzia upande wa ua, zinaoza na kuanguka. Umeniuliza ni ugonjwa gani na upige dawa gani, maana mwenye duka la pembejeo amekupa dawa ya ukungu na jirani anakuhimiza ufukie maganda ya mayai.

Dawa iweke kando kwanza. Kwa ulivyoeleza, naamini vitunda hivyo havikupata chavua. Zukini ni ndugu wa maboga, shina moja lina maua dume na maua jike. Dume limekaa juu ya kikonyo chembamba kilichonyooka. Jike lina kitunda nyuma yake hata kabla halijafunguka, ndiyo sababu unaona zinatoka vizuri. Chavua isipofika, mmea unaacha kukilisha kile kitunda. Kinasinyaa, kinakuwa njano, halafu vimelea vinaingia kumalizia. Wewe unaukuta uozo na kudhani ndio ulioua, kumbe umefika msiba ukiwa umeshatokea.

Ua jike hufunguka asubuhi moja tu, na mchana linafumba. Asubuhi hiyo ikinyesha, nyuki hawatoki, basi tunda limekwenda. Tena umesema ulipiga sumu kwa ajili ya wadudu mafuta. Mwanangu, sumu ya asubuhi maua yakiwa wazi inaua nyuki hao hao unaowahitaji. Wadudu mafuta waoshe kwa maji ya sabuni jioni, maua yakiwa yamefumba.

Sasa fanya hivi. Amka mapema, uwe bustanini kabla ya saa 3. Chuma ua dume lililofunguka asubuhi hiyo, bandua petali zote, ubaki na kile kijiti chenye unga wa manjano, ndiyo chavua yenyewe. Kipakaze taratibu katikati ya ua jike, pale panaponata, uzungushe mpaka pande zote zipate. Dume moja linatosha majike mawili au matatu. Kila jike ulilolipaka, lifunge uzi kwenye kikonyo. Siku chache zikipita, matunda yenye uzi yakinenepa na yasiyo na uzi yakaendelea kuanguka, jibu umelipata bila kununua kitu. Usishangae ukikuta siku nyingine kuna madume matupu, hasa mmea ukiwa mchanga. Subiri.

Yenye uzi nayo yakioza, hapo tutazungumza habari ya ugonjwa, na kwa mvua hizi namshuku kwanza kuvu anayeanzia kwenye ua lililonyauka. Angalia ncha ya tunda asubuhi: utaona vinyweleo vyeupe vyenye vichwa vyeusi, kama pini zimechomekwa, na tunda lina majimaji. Huyo anapenda joto na unyevu, na Dar wakati wa masika vyote anavipata. Dawa ya ukungu haimwezi vizuri kwa sababu kila siku yanafunguka maua mapya ambayo hayajaguswa na dawa. Kinachosaidia ni mikono yako. Tunda likishashika, lichomoe lile ua lililonyauka. Ondoa kila kilichooza. Kata majani yaliyolala chini ili upepo upite, tandaza nyasi kavu matunda yasigusane na udongo, na umwagilie shinani, usinyeshee majani. Chuma zukini zikiwa na sentimita 15 hadi 20, zisikae shambani kungoja maradhi.

Kuoza kitako ni jambo jingine kabisa. Hapo tunda limekua vizuri, kisha ncha inakuwa kahawia au nyeusi, inabonyea, ngumu kama ngozi. Ni upungufu wa madini ya kalisi (kalsiamu) ndani ya tunda, na mara nyingi kalisi udongoni ipo, ila maji ya kuipandisha ndiyo yanakuja kwa vipindi: leo mafuriko, kisha siku kadhaa ukavu. Mimea yako ya kwenye ndoo ndiyo iangalie zaidi, maana ndoo inakauka upesi. Mwagilia kwa kipimo kile kile, na punguza urea. Ukihitaji mbolea ya kukuzia, CAN ni afadhali kwa sababu ina kalisi kidogo. Maganda ya mayai si mabaya, lakini yanaoza polepole mno kuokoa matunda ya msimu huu. Tunda lenye kitako kibovu haliponi. Likiwa bado gumu, kata ile ncha, kilichobaki kipike.

Mwisho pasua tunda moja bovu katikati. Ukikuta funza, ni nzi wa matunda. Kwa nje huwa kuna kitundu kidogo kinachotoa utomvu. Hayo yafukie chini, nusu mita, usiyatupe kwenye lundo la mboji, maana nzi watatokea humo. Vitunda vichanga vilivyokwisha kushika vifunike na mifuko ya karatasi, ukiibadilisha ikilowa.

Nakusisitizia habari ya dawa kwa sababu zukini huchumwa karibu kila siku mbili, na kibandiko cha dawa kinakutaka usubiri siku kadhaa kabla ya kula. Mjukuu wangu anakula mboga hizo. Kama chupa hujaifungua, irudishe dukani.

Nitumie picha mbili kwenye simu ya baba yako: tunda lililopasuliwa, na ua lake kwa karibu.

Mama yako