Nyumba ya marehemu baba imepewa ilani, kaka anasema ni shauri yangu

Shangazi, assalaam alaykum. Baba yetu alifariki mwaka jana akatuachia nyumba ya ghorofa mbili Malindi, Mji Mkongwe wa Zanzibar. Mimi na wanangu ndio tunaoishi humo. Dada yangu yuko Mombasa, kaka yetu yuko Muscat. Juzi maofisa wa Mamlaka ya Mji Mkongwe wameniletea ilani: chumba cha mabati alichojenga baba juu ya paa hakina kibali, madirisha ya alumini ya upande wa njia yatolewe, na ukuta wa nyuma una ufa. Kaka anasema anayekaa ndiye atengeneze. Naogopa kushtakiwa, na naona uchungu baba kusemwa vibaya akiwa kaburini.
Mrithi, Malindi

Wa alaykum salaam, mwanangu. Mwenyezi Mungu amrehemu baba yako.

Nani analala karibu na ule ufa? Wahamishe leo, hata kama mtabanana. Nyumba za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko ambazo ncha zake zimezama ukutani. Ukuta wa namna hiyo ukipigwa plasta ya saruji, unyevu unakosa pa kutokea. Udongo wa ndani unalegea na ncha za boriti zinaoza bila mtu kujua. Fundi akikwambia atauziba ufa kwa saruji na kazi itakwisha jioni, mkatalie. Tarehe 25 Desemba 2020 tuliona sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Mji Mkongwe la tangu 1883, ikiporomoka na watu wakapoteza maisha.

Kuhusu baba, tulia. Alikuwa anatafuta mahali pa kulaza watoto. Ilani inazungumzia jengo, haimhukumu yeye, na kuitengeneza nyumba yake si kumuumbua.

Nenda ofisini mwenyewe kabla muda wa ilani haujakwisha, na ilani mkononi. Usingoje waje mara ya pili. Waombe mtaalamu wao aukague ukuta, uliza kipi kianze, kisha omba muda wa nyongeza kwa barua na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Mimi ningeomba ukuta uwe wa kwanza, kisha chumba cha juu kwa sababu ya uzito wake, madirisha yafuate pesa zikipatikana. Lakini usibomoe wala kutengeneza chochote bila kibali, maana Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2000 na hata matengenezo yana masharti yake.

Watakuuliza nani ana mamlaka ya kusaini. Kama mirathi haijafunguliwa, fungueni sasa. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana watakuelekeza.

Sasa kaka. Ikiwa warithi ni nyinyi watatu tu, kwa mirathi ya Kiislamu mafungu ni manne: mawili yake, moja lako, moja la dada yako. Nusu ya nyumba ni ya huyo anayesema haimhusu! Mwambie hivyo kwa upole, mbele ya dada yenu. Na wewe pia uwe mwadilifu: unakaa bila kodi, na huenda hilo ndilo linalomkera. Jitolee kubeba matengenezo madogo ya kila siku, lakini ukuta, paa na kile chumba vilipwe kwa mafungu ya mirathi.

Mpigie picha ule ufa, umtumie pamoja na ilani na makadirio ya fundi anayejua kazi ya chokaa. Akitaka kuuza, mjadiliane baada ya mirathi kukamilika. Lakini fungu lake la gharama za ukuta alitume sasa.