Ameacha Pombe, Sasa Anaona Wadudu Ukutani

SWALI: Mume wangu amekunywa gongo kila siku kwa miaka 9. Mwezi uliopita aliacha ghafla. Kesho yake mikono ikamtetemeka hata chai ikamwagika, na usiku wa tatu akawa anafukuza wadudu ukutani ambao sisi hatukuwaona. Wifi anasema amerogwa. Aliporudia kunywa, alitulia. Je, ataweza kuacha kweli?
Mama wa watoto wawili, Moshi

JIBU: Pole sana, dada. Dalili hizo ni za ugonjwa unaofahamika vizuri, wala si uchawi. Ubongo uliozoea kutulizwa na pombe hujichangamsha zaidi ili kufidia, na pombe inapokatwa ghafla msisimko huo hubaki bila kizuizi: mitetemo huanza ndani ya saa 6 hadi 24, kisha kwa baadhi ya watu hufuata degedege, mara nyingi ndani ya saa 48 za kwanza, au kuchanganyikiwa, hasa kati ya saa 48 na 72. Hali hiyo huweza kuua, kwa hiyo asijaribu tena kuacha peke yake nyumbani. Mpeleke hospitali, ambako atapewa dawa za kutuliza zinazopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1, kwa kuwa wanywaji wengi hula kidogo mno.

Kazi ndefu huja baadaye. Saa ile ya jioni aliyozoea kwenda kilabuni itamsumbua kwa miezi; abadilishe njia ya kurudi nyumbani, akute chakula tayari, na amtafute mtu aliyekwisha kuacha wa kuzungumza naye. Akiteleza, mrudisheni kwa mganga wa hospitali bila matusi.