Siku moja Ostia, bandari iliyoachwa na bahari

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama ziara ya siku moja nyuma ya mwongoza watalii inamfaidi msafiri, au ni kukimbizwa huku na huko na kurudi na picha tu. Mimi nasema inafaidi sana, tena inamfaidi zaidi mtu asiye msomi. Lakini iwe mahali pamoja, watu wawe wachache, na mwongozaji awe wa kukusimamisha kuliko wa kukuharakisha. Naeleza nilivyolijua hilo huko Ostia, bandari ya kale ya mji wa Roma.

Nilikuwa karani wa kuhesabu shehena bandarini Mombasa kwa miaka 22. Nilianza wakati magunia ya kahawa yakipakiwa melini wavu baada ya wavu, makuli wakiimba, nami nimesimama na ubao wangu nikipiga fito. Nikamalizia wakati wa makontena, ambapo karani haoni mali, anaona namba. Nilipostaafu, binti yangu anayefanya kazi Roma akanialika nikae naye wiki tatu.

Wiki ya kwanza tuliingia katika ziara ya kundi kubwa kwenda Colosseum na Forum, magofu mashuhuri ya Roma ya kale. Tulikuwa zaidi ya arobaini, kila mtu na kidude sikioni, na mwongozaji yuko mbele huko ameinua mwavuli. Sauti ilikuja ikikatika. Nilipofika kwenye nguzo anayoieleza, yeye alikuwa amekwisha kufika ya tatu. Nilitoka na maumivu ya magoti na majina ya makaisari yaliyochanganyika kichwani. Magofu si mageni kwangu, mtoto wa mwambao hukua nayo: Gede, Jumba la Mtwana pale Mtwapa, misikiti iliyobaki mihrabu peke yake chini ya mibuyu. Lakini siku ile niliona mawe matupu, na nilihuzunika, maana nilijua kosa si la mawe.

Binti yangu akaniambia, "Baba, mji wako wewe uko kwingine." Akatutafutia ziara ya nusu siku kwenda Ostia Antica. Watu sita tu, na mwongozaji mama wa makamo aliyesomea mambo ya kale. Treni inaondoka kituo cha Porta San Paolo, karibu na ile piramidi ndogo ya Roma, na kwa tiketi ya kawaida ya usafiri wa jijini unafika kwa nusu saa hivi. Ukishuka unavuka daraja la miguu juu ya barabara, unatembea kidogo, umefika. Anayetaka kwenda asiende Jumatatu, maana hufungwa.

Jambo la kwanza alilotuuliza yule mama ni kazi zetu. Nilidhani ni adabu tu. Kumbe alikuwa anachagua njia ya kutupitisha.

Jina Ostia, alisema, linatokana na neno la Kilatini la mdomo, yaani mahali mto Tiber unapoingia baharini. Sisi tungesema mlango wa mto. Lakini pale ukitazama huoni bahari. Unaona misonobari mirefu yenye vichwa kama miavuli, na barabara ya mawe meusi inayonyooka mbele yako, ile waliyoiita Decumanus Maximus, yenye mifereji iliyochimbwa na magurudumu ya mikokoteni. Mto ulileta matope karne baada ya karne ukaisukuma bahari mbali, sasa iko kilomita kama tatu kutoka hapo. Mwaka 1557 yakaja mafuriko makubwa, na mto wenyewe ukahama mkondo. Mji ukabaki nchi kavu, bahari imeuacha. Mtu wa bandari akisikia hivyo moyo unamshuka. Sisi tunajua mchanga ukiachwa bila kuchimbwa hufanya nini.

Tulipita haraka bafu za Neptuno, ambapo mungu wao wa bahari amechorwa sakafuni kwa vijiwe vyeusi na vyeupe akivutwa na farasi wanne wenye mikia ya samaki. Ukumbi wa maigizo nao tuliupita haraka, ingawa ni mzuri na umekarabatiwa. Yule mama alikuwa na haraka ya kutupeleka nyuma yake.

Nyuma ya ukumbi kuna uwanja wa mraba, mpana, na kuuzunguka pande tatu palikuwa na vyumba vidogo kama sitini, kila kimoja kimepakana na mwenzake. Wataalamu wanauita Piazzale delle Corporazioni. Kuta zimebaki fupi, zinakufika gotini. Lakini mbele ya kila chumba sakafu imenakshiwa kwa vijiwe, na michoro hiyo ndiyo kibao cha mwenye chumba. Meli za matanga. Pomboo. Mnara wa taa wa ghorofa kadhaa na moto unawaka juu. Kipimo cha nafaka. Na maandishi: wenye meli wa Karthago iliyo Tunisia ya leo, wenye meli na wafanyabiashara wa Karalis kule Sardinia, watu wa Narbo ambayo leo ni Narbonne ya Ufaransa, watu wa Alexandria. Wengi wanaona hizi zilikuwa ofisi au vituo vya wenye meli na wafanyabiashara, na michoro mingi ni ya mwisho wa karne ya 2 baada ya Kristo na kuendelea.

Nilisimama pale nikasahau joto. Ni ofisi za mawakala! Ni zile zile nilizopanda na kushuka ngazi zake maisha yangu yote, na bahasha ya hati za mizigo kwapani. Mwenye shehena kutoka Karthago akiteremka hapa hajui mtu, anatembea akitazama chini mpaka aone alama ya kwao. Hata asiyejua kusoma anamjua pomboo wake.

Yule mama akaniita kando akanionyesha mchoro mmoja. Mtu amebeba mtungi begani, anavuka ubao kutoka chombo kikubwa cha baharini kwenda kingine kidogo. Akauliza kama naelewa. Nikamwambia hiki kidogo ni tishari! Nikamweleza kwamba kwetu, kabla ya magati ya kina kirefu, meli zilitia nanga katikati ya maji na mizigo ikashushwa kwa matishari. Akafurahi kweli. Akasema ndivyo ilivyokuwa: meli kubwa hazikuweza kuupanda mto, hivyo ngano, mafuta na mvinyo vilihamishiwa vyombo vya mtoni na kuvutwa kwa kamba mpaka Roma, na wenye vyombo hivyo nao wana alama yao palepale uwanjani. Karibu na mlango wa uwanja wamo wasokota kamba na watengenezaji wa nyuzi za kukalafatia, yaani kuziba nyufa za chombo maji yasiingie. Hakuna fundi wa bandarini aliyesahauliwa.

Kisha ndovu. Amesimama peke yake, mweusi, mkonga umening'inia, na juu yake maandishi ya kituo cha watu wa Sabratha, mji ulio Libya ya leo. Wapo wanaosema walifanya biashara ya pembe, wapo wanaosema wanyama hai wa kupelekwa kwenye viwanja vya michezo. Hapo sikuweza kunyamaza. Nikamwambia kwamba pembe zilitoka hata kwetu. Shuleni tulifundishwa habari za Periplus ya Bahari ya Eritrea, kitabu cha mwongozo wa safari na biashara za baharini, kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 na mfanyabiashara wa Misri iliyokuwa chini ya Roma. Humo inatajwa Rhapta, soko la mwisho la pwani ya Azania, na pembe nyingi za ndovu na magamba ya kasa yaliyotoka huko. Rhapta ilikuwa wapi hasa, wataalamu wanabishana hadi leo, lakini kwamba ilikuwa pwani yetu ya Afrika Mashariki hakuna ubishi. Yule mama alitoa daftari akaandika neno Azania, akaniomba nilitamke tena. Kundi zima likasikiliza. Katika ziara ya watu arobaini ningemwambia nani?

Kutoka hapo alitupitisha kwenye kiwanda cha mikate, chenye mawe makubwa ya kusagia ya rangi ya makaa, yaliyozungushwa na wanyama waliotembea duara kutwa. Nyumba za kupanga za ghorofa zipo karibu, na mkabala nazo mkahawa wenye kaunta ya marumaru na picha za vyakula ukutani. Wengine walipiga picha nyingi hapo. Mimi nilikuwa bado nimebaki uwanjani na yule ndovu. Kuna bafu za wenye mikokoteni ambazo hatukuweza kuingia siku hiyo, akatuonyesha picha. Sakafuni wamechorwa nyumbu wanaovuta magari, na baadhi wameandikiwa majina yao. Mmoja anaitwa Podagrosus, yaani mwenye jongo. Aliyempa jina hilo alimpenda, hilo nalijua kutokana na wenye punda wa Lamu.

Katikati ya mji kuna hekalu refu la matofali, la zama za Kaisari Hadrian, na watu wengi huishia hapo. Sisi tulipinda kulia, upande wa mto, tukafika kwenye ghala ambalo mlango wake bado umesimama na nguzo zake mbili za matofali. Juu yake kuna bamba la marumaru lenye majina ya wenyewe: Epagathus na Epaphroditus. Ni majina ya Kigiriki, na kwa namna yalivyo inadhaniwa watu hawa walikuwa watumwa kabla ya kupewa uhuru. Katikati ya karne ya 2 walikuwa na bohari la ghorofa, ua katikati, na milango ya ndani ya kufungwa hata penye ngazi. Nilishika tofali la mlango ule kwa muda. Mtu aliyewahi kuwa mali ya mwingine ameandika jina lake juu ya mlango wa mali, na jina limekaa karibu miaka 1,900. Katika maghala makubwa ya nafaka, alisema, sakafu iliinuliwa ili hewa ipite chini na ngano isivunde. Kazi ya bohari ni ile ile, adui yako ni unyevu, panya na mwizi.

Nikauliza kwa nini hawakujenga bandari ya maana baharini. Walijenga. Kaisari Claudius alianza mwaka 42 baada ya Kristo, kilomita chache kaskazini, mahali palipoitwa Portus. Hata hivyo mwaka 62 dhoruba ilizamisha meli karibu 200 zikiwa ndani ya bandari hiyo, kama alivyoandika Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi. Baadaye Kaisari Trajan akachimba bwawa la pembe sita kwa ndani zaidi, na lina maji mpaka leo, karibu na uwanja wa ndege wa Fiumicino. Meli 200 ndani ya bandari! Nimewahi kuona meli moja tu ikikatika kamba gatini, na usiku ule sikulala.

Mwisho akatupeleka kwenye ukumbi wa wapimaji nafaka. Sakafuni wamo wao wenyewe. Mmoja amebeba gunia begani. Mwingine amesimama na kijiti chake kando ya kipimo, kijiti cha kupitisha juu ili nafaka isizidi wala isipungue. Bibi yangu aliyeuza nafaka sokoni alifanya hivyo kwa kiganja, akisema, "Hiki ni kibaba cha mfuto, mwanangu, si cha tele." Na kando yao yuko kijana, mkononi ameshika kamba iliyotungwa vihesabio. Kila gunia linalopita, kihesabio kimoja.

Yule kijana ni karani wa kuhesabu. Hakuna aliyehitaji kunieleza. Nimesimama vile vile maelfu ya saa, upande mmoja mimi, upande wa pili karani wa meli, na jioni tunalinganisha hesabu, na zikitofautiana kwa gunia moja hakuna anayekwenda nyumbani. Kazi hii haina sifa. Hata watoto wangu sikuwahi kuwaeleza vizuri kwamba ni kazi gani. Siku ile binti yangu aliuliza, nami nikamweleza nikionyesha kwa kidole sakafu ya mwaka wa mia mbili na kitu, na yule mama akanyamaza akaacha nieleze mimi.

Tulikuwa tumetembea saa tatu na nusu. Kijijini nje ya lango tulikula, na nikasikia pia kwamba Monica, mama yake Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa Thagaste iliyo Algeria ya leo, alifia Ostia mwaka 387 akisubiri chombo cha kurudi kwao. Mwaka 1945 vijana waliokuwa wakichimba uani kwenye kanisa la hapo walipata kipande cha jiwe lake la kaburi. Alikuwa abiria bandarini, anangoja meli.

Hatukufika sinagogi, lililo mwisho kabisa wa mji, pale pwani ilipokuwa zamani. Liligunduliwa mwaka 1961 wakati wa kujenga barabara ya uwanja wa ndege. Muda uliisha na magoti yangu yalikataa. Nimemwambia binti yangu kwamba nikirudi tutaanzia huko asubuhi, kabla jua halijapanda, kwa mwongozaji yule yule kama bado yupo.