Aanze na kipi?

Swali: Mhariri, nina vitabu vinne vya The Hunger Games vya Suzanne Collins. Binti yangu anataka kuanza na kile cha 2020, maana matukio yake ndiyo yaliyotangulia. Sawa?

Jibu: Hapana, ndugu. Aanze na cha 2008, kisha 2009 na 2010. Cha 2020 kinasimulia Michezo ya Njaa ya 10, yaani mashindano ya vijana kuuana, miaka 64 kabla Katniss, shujaa wa vile vitatu, hajaingia uwanjani, lakini kimeandikiwa anayemjua tayari Rais Snow, mtawala katili wa vile vitatu. Asiyemjua ataona Snow akiwa kijana wa miaka 18 mwenye njaa na majivuno, basi. Ile hofu ya kujua atakuja kuwa nani haipo. Halafu katika vile vitatu Katniss anajisimulia mwenyewe, kwa wakati uliopo, kwa kasi. Cha 2020 kimo katika nafsi ya tatu na, kusema kweli, kinajikokota.