Tuulizane: Kliniki mtoto anatulia, nyumbani bibi hataki mazoezi

SWALI: Dada habari za kazi, naomba ushauri. Mwanangu ana mwaka na miezi 8, alipozaliwa alichelewa kulia, baadae tukaambiwa ana mtindio wa ubongo. Kila Jumanne nampeleka mazoezi, fizio (yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo) akimshika anatulia kabisa na shingo imeanza kukaza, shida ni huku nyumbani. Nikianza tu kumnyoosha miguu akalia, mama mkwe ananinyang'anya, anasema tunamtesa malaika wa Mungu. Baba yake nae anaona nauli ya bajaji inapotea bure, kama ni kupona si angeshapona. Juzi jirani kaja anasema anajua kukanda, akamvuta miguu kwa nguvu na mafuta mpaka mtoto akakakamaa. Sa hayo mazoezi ya mara moja kwa wiki yatasaidia kweli? Mama Junior, Tabata

JIBU: Mama Junior pole, na hongera pia, shingo kukaza sio kitu kidogo hata kama hapo nyumbani hakuna aliyekupongeza.

Mara moja kwa wiki peke yake haitoshi, nikudanganye ili iweje. Wiki ina masaa 168 na fizio anakaa nae saa moja tu au pungufu, hayo mengine yote mtoto yuko mikononi mwenu, anavyobebwa, anavyolishwa, anavyolazwa. Kwa hiyo siku ya kliniki anayefundishwa hasa ni wewe, na kwenye familia yenu darasa umelisoma peke yako, ndo maana wengine wanaona mateso tu.

Jumanne nenda na bibi. Usimbishie nyumbani, mwache amuone fizio kwa macho yake na umwombe fizio ampe bibi amshike mtoto yeye mwenyewe. Ataona kwamba msuli uliokaza ukiuvuta ghafla ndo unazidi kukaza (hicho ndo alichofanya jirani, asirudie tena), unatakiwa uunyooshe polepole, ukigoma unasubiri hapohapo mpaka ulegee wenyewe. Bibi yuko sahihi kwenye kitu kimoja, mtoto akilia kwa maumivu unaacha na unamwambia fizio. Ila kuna kile kilio cha kutotaka tu, kama akioshwa uso, na hicho mlezi anayeshinda nae ndo anakijua.

Afu mpe bibi kazi. Kama miguu ya mtoto inapishana kama mkasi, kumbeba mgongoni kwa kanga miguu ikiwa imepanuka kunasaidia, na nani anajua mbeleko kumshinda bibi? Akimlisha amkalishe wima kichwa kimeinama mbele kidogo, asimlaze chali, uji unaweza kuingia kwenye mapafu. Hayo ni mazoezi tayari na hakuna anayelia.

Baba Junior nae mi simlaumu sana. Watu wengi wanaambiwa "mpelekeni mazoezi" na hakuna anayewaeleza mazoezi yanafanya nini, basi baba anasubiri kupona kama dozi ya malaria, miezi inapita anakata tamaa na nauli inakata hapohapo. Mwambie wazi kwamba sehemu ya ubongo iliyoumia haiponi kwa mazoezi, lakini pia haiendelei kuharibika, kinachotafutwa ni mtoto aweze kutumia mwili wake na viungo visipinde. Muulizeni fizio lengo moja la miezi mitatu, labda akae mwenyewe kwenye kona ya ukuta wakati anakula, halafu baba ndo awe anamrekodi kwenye simu kila Jumapili. Watoto wengi wa hali hii wanaoweza kukaa wenyewe wakifika miaka 2 huja kutembea, na wapo wanaochelewa zaidi ya hapo wakatembea kwa kushikilia, ila msije mkamfanya fizio aahidi tarehe.

Na kule kukakamaa, kama ilikuwa zaidi ya miguu kukaza, yaani aligeuza macho au alipoteza fahamu hata kidogo, usisubiri Jumanne, mpeleke hospitali leo maana degedege na kifafa vinawapata sana watoto hawa na dawa zipo.