Re: Babu alikuwa dereva vitani, ni shujaa au sio?

Habari ndugu, pole kwa msiba. Umesema ndugu wanagoma babu asitajwe shujaa kwenye arobaini eti vita ya Kagera, ile ya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, aliendesha lori tu hakupigana. Kwetu ilitokea hivihivi kwa mjomba, alikuwa mpishi.

Anza na sanduku lake, tafuta picha, barua, karatasi zozote za jeshi. Sisi tulikuta kijiko cha bati kimepinda shingo, mjomba kakifunga kwenye kitambaa miaka yote hiyo, shangazi alivyokishika akalia.

Halafu wapeleke wabishi pale Posta, Dar es Salaam, kwenye sanamu ya Askari, ipo tangu 1927, maandishi yake yanawataja mpaka wapagazi wa vita kuu ya kwanza. Wapagazi, hawakubeba bunduki hao! Na vita ya babu je? Daraja la Kyaka kule Kagera lilivunjwa 1978, Kampala ikaanguka Aprili 1979, sasa waulize unga na risasi vilifikaje huko kote bila dereva? Mi naona aliyeogopa na bado akawasha gari ndo shujaa mwenyewe.

Kwenye arobaini mpe mzee yeyote aliyekuwa naye vitani aongee kwanza, nyie wengine mfuate.